Maswali ya Wasomaji: Ekzosi Iliyotoboka na Ekzosi ya Kuongeza Nguvu

Barua kadhaa zilizokusanyika mezani zinahusu ekzosi, yaani njia nzima ambayo moshi hupita tangu unapotoka kwenye silinda hadi unapoachiwa nyuma ya gari: manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda), bomba la mbele, masega (kopo linalosafisha moshi), sailensa na bomba la mwisho. Baadhi ya wasomaji wanataka kubadilisha kilichooza, na wengine wanataka kuboresha kilicho kizima. Wapo pia, nao si wachache, ambao kwa jinsi wanavyoeleza dalili zao wanataka kuboresha kitu ambacho kwanza kinahitaji kuzibwa.

SWALI: Ndugu Mwandishi, salamu. Gari langu ni dogo, la petroli, silinda nne, na ninalitumia kwenda kazini tu, mwendo usiozidi dakika kumi. Juzi limeanza kunguruma kama trekta. Fundi amelipandisha, akachokoa sailensa ya nyuma kwa bisibisi, na bisibisi ikazama ndani. Sasa anasema nibadilishe ekzosi nzima. Gari halijatembea sana, sailensa imeozaje? Na je, ni lazima kubadilisha yote?

JIBU: Ndugu msomaji, hilo unalolitaja kuwa utetezi wa gari lako, kwamba halitembei sana, ndilo chanzo cha maradhi yake. Petroli imeundwa kwa kaboni na haidrojeni, na haidrojeni ikiungua huwa maji. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji, ambayo hupita kwenye ekzosi yakiwa mvuke. Katika safari ndefu chuma chote hupata moto, mvuke ukapita ukaenda zake. Katika safari ya dakika kumi sailensa iliyo nyuma kabisa huwa bado haijapata moto wa kutosha, kwa hiyo mvuke hugeuka maji humo humo, hujichanganya na tindikali hafifu inayotokana na moshi, na kulala chini ya sailensa mpaka kesho yake. Kutu ya namna hii huanzia ndani kuja nje, ndiyo maana kwa macho uliona chuma kizima, na bisibisi ikapita kama kwenye karatasi. Sailensa nyingi huwekewa tundu dogo upande wa chini, la kupitisha njiti ya kiberiti, ili maji hayo yapate pa kutokea. Nimewahi kumkuta mwenye gari ameliziba kwa gundi ya chuma akidhani sailensa imetoboka, na alikuwa akijisifu kwa kazi safi.

Kuhusu kubadilisha yote, si lazima, ila fundi wako amepima mahali pamoja tu. Mwombe aipitishe bisibisi hiyo kwenye mishono yote iliyochomelewa, nyuma ya mabano yanayoshikilia bomba, mahali bomba linapopinda kupita juu ya ekseli, na kuzunguka kila flanji, yaani bamba la bolti linalounganisha vipande viwili vya bomba. Agonge pia kwa kishikio cha nyundo: chuma kizima hulia, kilicholika hutoa sauti butu, wakati mwingine na mchakacho wa magamba ya kutu yanayoanguka ndani. Bomba la katikati likiwa zima, badilisha sailensa ya nyuma peke yake. Lakini kama ncha ya bomba inayopokea sailensa imekonda, usikubali ichomelewe, kwa sababu chuma chembamba hakishiki weldi. Kitazibwa leo na kutoboka mwezi ujao sentimita moja kando ya mshono. Hapo kata hasara, ubadilishe kipande kizima hadi kwenye flanji iliyo imara. Sehemu za mbele, zilizo karibu na injini, hukauka kila siku kwa sababu ya joto, na mara nyingi huishi kuliko za nyuma, kwa hiyo anayekuambia ubadilishe kuanzia kwenye manifoldi akuonyeshe sababu kwa macho.

Unaponunua, uliza chuma chenyewe. Kuna sailensa za chuma cha kawaida kilichopakwa aluminiamu, ambazo hufaa gari linalosafiri masafa marefu, na kuna za chuma kisichoshika kutu, ambacho nacho kina madaraja. Daraja la 409 lina kromiamu karibu asilimia 11, hushika sumaku, na uso wake hubadilika rangi kuwa wa hudhurungi bila kutoboka upesi. Daraja la 304 lina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8, hudumu zaidi, na kwa kawaida halishiki sumaku au hushika kwa unyonge sana. Ukiwa na sumaku mfukoni, muuzaji hatakubabaisha. Kwa mtu wa safari fupi kama wewe, chuma bora si anasa. Na walau mara moja kwa wiki lipe gari mwendo wa nusu saa bila kusimama, likaushe kifua.

Lakini usicheleweshe matengenezo ukisema ni kelele tu. Moshi unaovuja chini ya gari una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Abiria huanza kwa kuumwa kichwa na kusinzia, wakasingizia uchovu wa safari. Mpaka litengenezwe, usiliache gari likiunguruma mahali palipofungwa, na usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa sababu ya mzigo, kwa kuwa hewa huzunguka nyuma ya gari na kuuvuta moshi ndani.

SWALI: Kila asubuhi nikiwasha gari, matone ya maji hutoka kwenye ncha ya bomba pamoja na mvuke mweupe. Jirani ameniambia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya silinda na kifuniko chake, imekufa. Je, nianze kutafuta fedha?

JIBU: Usianze. Hayo ni maji yale yale niliyoyaeleza katika jibu lililotangulia. Iwapo mvuke hutoweka injini inapopata moto, na maji ya rejeta hayapungui, gari lako ni zima. Ukiona moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamu ya kulanti (maji hayo ya rejeta), huku rejeta ikipungua bila kuvuja nje, hapo jirani atakuwa amesema kweli.

SWALI: Gari langu hutoa mlio wa tik-tik-tik upande wa injini kila asubuhi, kisha hunyamaza baada ya dakika chache. Tangu mlio huo uanze, mafuta yanakwisha haraka, na taa ya injini huwaka na kuzimika. Fundi wa kwanza alisema ni valvu. Wa pili alitaka kunibadilishia sensa ya oksijeni. Nimwamini nani?

JIBU: Kwa dalili hizo ningewaomba wote wawili wasubiri kidogo. Mlio unaosikika injini ikiwa baridi na kupotea inapopata moto, ukiandamana na ulaji wa mafuta, hunielekeza kwenye manifoldi: ama imepata ufa, ama gasketi yake imeungua, ama studi mojawapo inayoishikilia, mara nyingi ya pembeni kabisa, imekatika kichwa. Chuma kikiwa baridi pengo huwa wazi. Kikipata moto hutanuka na kulifunga. Ndiyo maana ugonjwa huu hujificha kila unapofika kwa fundi, kwa sababu umefika na injini ya moto.

Mafuta yanaingiaje hapo? Moshi hautoki kwa mkondo mmoja kama maji ya bomba; hutoka kwa mapigo, kila silinda kwa zamu yake, na nyuma ya kila pigo huwapo mvuto mdogo. Penye tundu, pigo husukuma moshi nje, kisha mvuto huingiza hewa safi ndani. Hewa hiyo ikiingia kabla ya kufika kwenye sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni iliyomo kwenye moshi, sensa huona oksijeni nyingi kuliko ilivyo kweli. Injini ya petroli hutaka takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito, na sensa ya aina ya kawaida hutoa volti karibu 0.9 petroli inapozidi na karibu 0.1 hewa inapozidi. Ikipigwa na hewa ya wizi hukaa chini, kompyuta ya injini ikasadiki kwamba petroli haitoshi, ikaongeza, na kuongeza tena, mpaka ifike ukomo wake na kuwasha taa. Sensa hapo haina kosa lolote, imeshuhudia ilichokiona. Ukiibadilisha, sensa mpya itatoa ushahidi ule ule.

Fanya uchunguzi asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, na uwe na mtu wa pili. Ondoa kinga ya joto iliyofunika manifoldi, mulika kwa tochi kwenye mstari ambapo manifoldi hukutana na silinda hedi, na utafute masizi. Moshi unaovuja huacha alama nyeusi yenye umbo la ulimi wa moto, nyembamba penye tundu na pana inakoishia, na ukiiona mara moja hutaisahau. Usipoiona, paka maji ya sabuni yenye povu zito kwenye kiungo hicho na kwenye flanji ya chini, kisha mwenzako awashe gari na kuiziba ncha ya bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kilichokunjwa, kwa sekunde chache tu. Penye tundu povu litatifuka. Fanya haraka, kwa kuwa baada ya dakika mbili tatu manifoldi haishikiki na sabuni itakuwa imekauka.

Ukipata kwamba ni gasketi, usimruhusu fundi aweke mpya kabla hajaulaza ukingo wa rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi na kutazama kama mwanga unapenya. Manifoldi iliyopinda huunguza gasketi moja baada ya nyingine, na hapo dawa ni kuisawazisha kwenye karakana ya mashine au kuibadilisha.

SWALI: Mimi ni kijana mwenye gari la injini ya lita 1.8 isiyo na turbo. Nataka kufunga bomba la inchi 3 kutoka mbele mpaka nyuma na sailensa moja ya spoti. Marafiki zangu wamegawanyika. Wapo wanaosema bomba kubwa ndiyo nguvu. Wapo wanaosema injini huhitaji moshi urudishwe nyuma kidogo, la sivyo nguvu hupotea. Nani mkweli?

JIBU: Ndugu yangu, kila upande umeshika ncha moja ya kamba. Nianze na wa pili. Hakuna injini inayohitaji moshi urudishwe nyuma. Pistoni inapopanda kuutoa moshi hutumia nguvu, na kila kizuizi kilicho mbele ya moshi huo hulipiwa kwa nguvu ambayo ingekwenda kwenye matairi. Kile ambacho injini huhitaji ni moshi wenye kasi. Pigo la moshi linalokwenda kasi huacha mvuto nyuma yake, kama lori linavyovuta vumbi, na mabomba ya manifoldi yakiwa na urefu na upana uliopimwa vizuri, mvuto huo huifikia silinda katika kile kipindi kifupi ambapo valvu ya kutolea moshi haijafunga na ya kuingiza hewa imeanza kufunguka. Mabaki ya moshi hunyonywa, na hewa mpya hufuata kwa urahisi. Injini imesaidiwa bila kutumia mafuta zaidi.

Sasa tazama hesabu ya bomba lako. Kutoka inchi 2 kwenda inchi 2.5 tundu huongezeka eneo kwa asilimia 56, na kutoka inchi 2 kwenda inchi 3 eneo huwa mara 2.25. Moshi ni ule ule, umepewa barabara pana zaidi ya maradufu, kwa hiyo mwendo wake unashuka chini ya nusu. Mizunguko ikiwa juu sana, moshi ukiwa mwingi, hutahisi ubaya wowote. Lakini unapoondoka kwenye taa, unapopanda mlima na unapobeba watu wanne, yaani pale unapoendesha siku zote, mvuto umekwisha na gari limekuwa zito. Wenzako wa upande wa pili waliliona tatizo hilo kwa macho yao. Walikosea kulitaja jina tu.

Nasema haya nikiwa nimekwisha kulipia ada. Miaka iliyopita nilifunga bomba la inchi 2.5 kwenye gari la lita 1.5, na kwa siku tatu nilikuwa mtu mwenye furaha. Mlio ulikuwa mzito, na nilikuwa na hakika kwamba gari limepata nguvu mpya. Siku ya nne nilifika kwenye mlima niliozoea kuupanda kwa gia ya nne. Gari likaanza kuguna katikati, likanidai gia ya tatu. Nilirudia mara tatu nikiamini kwamba nimekosea mimi. Bomba la zamani, ambalo kwa bahati nilikuwa sijalitupa, lilirudi chini ya gari wiki hiyo hiyo.

Kwa injini kama yako, bomba la kati ya inchi 2 na inchi 2.25 linatosha, na muhimu kuliko upana ni namna lilivyopindwa. Bomba lililopindwa kwa mashine isiyo na kiini ndani hukunjamana penye kona na tundu lake husinyaa, hata likawa na upana wa inchi 2.25 kwenye nyoofu na pungufu sana penye kona. Lililopindwa likiwa na kiini ndani hubaki duara mwanzo hadi mwisho. Pitisha kidole kwenye kona: ukihisi makunyanzi, umeuziwa upana wa bure. Halafu jiandae kupata kidogo. Kwenye injini isiyo na turbo, kubadilisha kuanzia nyuma ya masega hadi mwisho huongeza asilimia chache tu za nguvu, wakati mwingine zisizohisika, kwa kuwa watengenezaji wa magari ya sasa hawakuacha kizuizi kikubwa huko. Wenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, ndio wenye haki ya kuzungumzia mabomba mapana. Turbo huzungushwa na tofauti ya mgandamizo kati ya mbele yake na nyuma yake, hivyo kila kizuizi unachokiondoa nyuma yake huifanya iamke mapema. Hata wao wanapaswa kurekebisha programu ya kompyuta ya injini baada ya kazi hiyo, maana mgandamizo wa turbo unaweza kupanda kuliko ulivyokusudiwa.

Limebaki suala la mlio, ambalo nashuku ndilo hasa lililokusukuma kuandika, na si dhambi. Sailensa ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ina vyumba ndani. Mawimbi ya sauti hugonga kuta, hurudi, na kuuana yenyewe kwa yenyewe. Ya pili ni bomba lenye matundu mengi lililozungushiwa pamba ya kioo, ambayo hunyonya sauti. Hiyo ya pili ndiyo ya spoti: hupitisha moshi moja kwa moja, hupunguza sauti kali, lakini haiwezi sauti nzito, na pamba yake huungua na kupeperuka kidogo kidogo, hata mlio wa mwaka wa pili usiwe ule ulioununua. Injini yako ya silinda nne huchoma mara mbili katika kila mzunguko. Ikizunguka mara 3000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kwa sekunde, na bodi ya gari hupenda sana kuitikia mvumo wa kiasi hicho. Hapo ndipo utakapokuwa katika safari ndefu, mwendo wa kawaida, na mvumo hautakuacha kwa saa nne. Kwa hiyo usiiondoe sailensa ndogo ya katikati, kwa kuwa kazi yake ni kuumeza mvumo huo. Badilisha ya nyuma tu, na kabla ya kulipa omba kulisikia gari jingine lililofungwa sailensa hiyo, ukiwa umeketi ndani, vioo vimefungwa. Nchi nyingi zina kikomo cha kelele kinachopimwa kwa desibeli, kwa hiyo kijue cha kwenu mapema.

SWALI: Gari langu limepoteza nguvu. Nikikanyaga mafuta linaguna tu, halichanganyi. Fundi amesema masega yameziba, na dawa ni kuyavunja na kubaki na kopo tupu. Anasema gari litakuwa jepesi na mafuta yatapungua. Nikubali?

JIBU: Uchunguzi wake unaweza kuwa sahihi. Dawa yake siyo. Masega ni kauri yenye vijitundu vyembamba kama sega la nyuki, ndiko jina lilikotoka, na kuta zake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa na moto wa kutosha, kaboni monoksaidi hugeuka kaboni dioksaidi, petroli iliyosalia huungua na kuwa maji na kaboni dioksaidi, na oksaidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida, ile iliyojaa hewani. Magari mengi ya Marekani yalianza kufungwa masega katika matoleo ya mwaka 1975, na kwa kuwa risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli huyaharibu, petroli isiyo na risasi ilibidi iandamane nayo. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Masega hayazibi kwa uzee tu. Huzibwa. Plagi au koili ikifa, petroli mbichi hutoka kwenye silinda ikaenda kuungua ndani ya masega, na joto huyeyusha kauri mpaka vijitundu vinashikana. Injini inayokula oili huyapaka majivu. Gasketi ya silinda hedi inayovuja huyatia kulanti. Fundi anayeyavunja bila kutafuta ni lipi kati ya hayo lililotokea ameondoa maiti na kumwacha muuaji ndani ya nyumba. Mwulize: injini inamisi? Oili inapungua? Asipokuwa na jibu, hajamaliza kazi ya uchunguzi.

Kuhakikisha kwamba yameziba si kazi kubwa. Sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega hufunguliwa, na geji ya mgandamizo hufungwa kwenye tundu lake. Injini ikishikiliwa kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, mshale wa geji unapaswa kusogea kidogo na kutulia. Ukipanda na kuendelea kupanda, njia imefungwa. Injini ikiwa baridi, ligonge kopo kwa nyundo ya mpira: kauri iliyovunjika hulia kama njuga.

Ni kweli kwamba baada ya kuyavunja gari litakuwa jepesi. Litakuwa jepesi kwa sababu umetoa kizibo, na masega mapya yangeleta wepesi ule ule. Kitakachobaki ni taa ya injini. Sensa ya pili, iliyo nyuma ya masega, kazi yake ni kulinganisha moshi uliotangulia na uliochujwa. Ikiona hakuna tofauti, kompyuta huandika kosa la P0420 na kuwasha taa. Taa isiyozimika ni hatari ya namna yake, kwa kuwa siku ambayo kosa jingine kubwa litatokea hutajua. Katika nchi nyingi kuyaondoa ni kosa kisheria, na gari halipiti ukaguzi. Wenye dizeli zilizofungwa chujio la masizi wasidhani wamesahaulika: chujio hilo hujisafisha kwa kuunguza masizi kwenye joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi, na linaloziba mara kwa mara mara nyingi linalalamikia safari fupi au injekta mbovu.

Na ukiwa hapo, muulize fundi yale masega ya zamani yanakwenda wapi. Madini yake ni ghali, ndiyo maana wezi huyakata chini ya magari usiku. Ni mali yako.

SWALI: Nina jeki, seti ya spana na siku nzima ya mapumziko. Nimenunua bomba la katikati na sailensa ya nyuma, vyote vya kufungwa kwa bolti, bila kuchomelea. Nijihadhari na nini?

JIBU: Kwanza na jeki yenyewe. Jeki ni ya kunyanyulia; anayeingia chini ya gari huingia likiwa limekaa kwenye stendi, juu ya sakafu ngumu na iliyo sawa, magurudumu yamewekewa vigingi. Pili na joto, kwa kuwa ekzosi huchelewa kupoa kuliko inavyoonekana. Subiri saa kadhaa, au uanze asubuhi.

Mchana wako utaamuliwa na bolti za zamani. Usiku wa kuamkia kazi zipulizie mafuta ya kulegeza kutu, na asubuhi uzipulizie tena baada ya kuzisugua kwa brashi ya waya. Tumia soketi ya pembe sita, maana ya pembe kumi na mbili huviringisha kichwa cha nati iliyolika. Usianze kwa kufungua kwa nguvu zote: ikaze kidogo kwanza mpaka usikie imelia, ndipo urudi nyuma robo mzunguko, ukaze tena, urudi tena, kama mtu anayetikisa kigingi ardhini. Nati ikifika mahali ikawa ngumu ghafla, rudi ulikotoka na uongeze mafuta. Bolti ya flanji ikikatika si msiba, kwa kuwa inaweza kutobolewa na kuwekwa mpya. Studi ya manifoldi ikikatika, acha, na umwite fundi, kwa kuwa kuitoa kwenye silinda hedi ni kazi ya mtu aliyezoea.

Bomba la zamani likiisha kulegea, litabaki limening'inia kwenye raba zake. Zipake maji ya sabuni na zitateleza kutoka kwenye vyuma. Zikague kwa kuzivuta: raba yenye nyufa ibadilishwe leo, wakati ekzosi iko chini, na kamwe isikatwe ikafungwa waya badala yake. Injini hutikisika kwenye viti vyake, na ekzosi lazima ipate kucheza nayo. Waya huizuia, na mtikisiko unaozuiwa huku hupasua mshono kule.

Gasketi zote za viungo ulivyovifungua ziwe mpya, kwa sababu ya zamani imekwisha kubanwa na haitabanika mara ya pili. Usiweke silikoni karibu na kiungo chochote kilicho mbele ya sensa ya oksijeni, maana mvuke wake huiua sensa. Funga vipande vyote kwa vidole kwanza, kuanzia mbele kwenda nyuma, bila kukaza hata kimoja. Kisha zunguka gari ukitazama: bomba liwe mbali na ekseli, mipira ya breki, mabomba ya mafuta na bodi kwa nafasi ya vidole viwili hivi, na sailensa isiegemee upande mmoja. Rudisha kinga za joto zote, hata ile yenye kutu uliyotamani kuitupa, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha chuma cha moto na zulia la gari, au na nyasi kavu unapoegesha. Ukiridhika, ndipo ukaze, mbele kwenda nyuma.

Washa gari nje, mahali penye hewa. Bomba jipya litatoa moshi na harufu ya mafuta ya kiwandani kwa dakika kadhaa; hiyo ni kawaida. Fanya jaribio la povu la sabuni kama nilivyomweleza msomaji wa tik-tik, kisha liendeshe nusu saa, mwendo wa kawaida. Ukirudi, liache lipoe kabisa, uingie chini tena na spana ile ile. Utakuta bolti mbili au tatu zinakubali robo mzunguko zaidi.